Mama alikuwa nesi na mcha Mungu: nitaandikaje maisha yake?

SWALI: Shikamoo mama mkufunzi. Mimi ni binti wa tatu wa marehemu mama aliyekuwa muuguzi mkunga katika hospitali ya misheni huku Nyanda za Juu Kusini, tangu 1981 hadi alipostaafu 2015. Alifariki Julai mwaka jana. Julai hii tuna misa ya kumbukumbu ya mwaka mmoja, na ukoo umenipa kazi ya kuandika kijitabu cha maisha yake. Wasifu uliosomwa siku ya mazishi ulikuwa ukurasa mmoja tu: alizaliwa, alisoma, aliajiriwa, alistaafu, aliugua. Nimezunguka kuuliza, na kila mtu ananiambia alikuwa mcha Mungu, alikuwa na upendo, alikuwa mtakatifu. Nesi mmoja aliyefanya naye kazi alisema alikuwa mkali, basi. Mlinzi wa zamani wa getini ndiye pekee aliyecheka, akasema mama akiingia zamu ya usiku alibeba chupa mbili za chai, moja ya kwake na nyingine ya ndugu wa wagonjwa waliojikunyata barazani. Nianzie wapi? Niandike kwamba alikuwa mtakatifu? Na je, paroko ataruhusu isomwe ndani ya misa? Binti, Makambako.

JIBU: Marahaba, binti yangu. Kamwene. Poleni sana nyumba nzima.

Nilivaa gauni jeupe wodini kabla sijawa mkufunzi, na tangu nistaafu familia huniletea madaftari na bahasha za picha ili niwasaidie kumwandika mtu wao. Barua yako nimeisoma mara mbili. Ina sifa nyingi na jambo moja tu. Jambo lenyewe ni chupa ya pili ya chai, nawe umeliweka karibu na mwisho kama kichekesho cha mlinzi.

Anzia hapo. Mama yako yumo ndani ya chupa ile. "Mcha Mungu" ni neno zuri la kuandika kwenye msalaba wa kaburi, lakini msomaji hana cha kushika. Chupa ya chai anaishika. Anaijua Juni ya milimani, saa tisa usiku, umande unakaribia kuganda kwenye nyasi, na mtu aliyemleta mkewe kwa miguu amekaa kwenye saruji amejifunika gunia. Mlango wa wodi unafunguliwa, nesi anatoka na kikombe. Ukiandika hivyo tu, ukanyamaza, msomaji atasema mwenyewe lile neno ulilotaka kumwambia.

Sasa tuangalie namna ya kupata mambo mengine ya aina hiyo, maana chupa moja haijazi kijitabu.

Kosa lako, na ni la karibu kila anayeandika wasifu, ni swali ulilouliza. Nina hakika uliuliza, "Mama alikuwaje?" Mtanzania akiulizwa habari za marehemu alikuwaje, anajibu kwa heshima, na heshima ina maneno yake matano yanayojulikana. Uliza alifanya nini. Zamu ya usiku aliingia saa ngapi, na alifika kwa miguu au kwa kuomba lifti? Akifika alisoma kwanza kitabu cha ripoti, au alizunguka vitandani kwanza? Mgonjwa akikata roho, alifanya nini kabla ya kwenda kuwaita ndugu? Mwanamke akipiga kelele leba, mama yako alisema nini, kwa lugha gani: Kiswahili, Kikinga, Kibena? Alikula wapi? Alilala lini? Maswali madogo hivi hayamtishi mtu, na yanamrudisha wodini. Utaona mzee anaanza kuonyesha kwa mikono.

Na usiwaulize waliokuwa na vyeo tu. Metroni na daktari watakupa maneno ya kwenye barua ya kustaafu. Nenda kwa mhudumu aliyepiga deki, kwa mpishi, kwa aliyefua mashuka, kwa mlinzi. Hao walimwona akiwa hajui kama anaonwa. Tafuta pia wasio Wakatoliki. Njombe ina Walutheri wengi, Ilembula ni hospitali yao ya siku nyingi, na huko milimani wagonjwa hawakuchagua kitanda kwa dhehebu. Mlutheri wa Njombe akimsifu Mkatoliki, sifa hiyo imeshapita kwenye chekeche.

Yule nesi aliyekuambia mama alikuwa mkali, mrudie. Usimkimbie. Muulize: alimkalipia nani, kwa kosa gani? Katika kazi yetu ukali una njia mbili. Upo unaokwenda juu, nesi anamwambia daktari wazi kwamba mgonjwa wa kitanda cha sita hawezi kusubiri hadi asubuhi. Na upo unaokwenda chini, kwa mwanamke aliye kwenye uchungu, ambao ni aibu ya wauguzi na nimetumia miaka mingi darasani nikipambana nao. Mimi mwenyewe niliwahi kukalipiwa na nesi mkuu mbele ya wodi nzima kwa sababu nilimwekea mtoto njiti chupa ya maji ya moto bila kuifunga kitambaa. Nililia. Mtoto yule angeungua. Leo nikiulizwa habari za nesi mkuu yule, ningesema alikuwa mkali, basi, kama nesi wako alivyosema, mpaka mtu aniulize swali la pili.

Kuhusu sala, nitakusimulia kidogo, kwa sababu nadhani hapa ndipo wengi hukwama: sala wanaiweka ukurasa mmoja, kazi ukurasa mwingine, kama vile ni watu wawili. Nikiwa mwanafunzi, wodi yetu ilisimamiwa na sista wa shirika. (Hapa nifungue mabano: sisi tunamwita "sista" mtawa, na nesi yeyote wa kike pia tunamwita "sista". Mama yako alikuwa na mume na watoto, kwa hiyo andika "muuguzi" au "nesi" tangu mwanzo, la sivyo mjukuu atakayesoma miaka thelathini ijayo atashangaa mtawa amempataje bibi yake.) Saa sita mchana kengele ya misheni ililia, na huo ndio ulikuwa muda wa kuwageuza wagonjwa wasioweza kujigeuza, wasipate vidonda vya mgongo. Sista hakusimamisha kazi na hakuacha sala. Alishika shuka upande wake, mimi upande wangu. Alisema, "Malaika wa Bwana alimpasha habari Maria." Tukajibu, "Naye akapata mimba kwa uwezo wa Roho Mtakatifu," na kwenye neno "uwezo" tuliinua kwa pamoja. Wodi nyingine walihesabu moja, mbili, tatu. Sisi tulihesabu kwa Malaika wa Bwana. Hadi leo nikisikia kengele ya saa sita mikono yangu hukunja vidole kutafuta shuka.

Tafuta kitu kama hicho kwa mama yako. Rozari yake ilikaa mfuko gani wa gauni, pamoja na nini? Aliisali saa ngapi kama zamu ilikuwa na uzazi mgumu mara tatu usiku mmoja? Inawezekana hakuisali kabisa usiku huo. Hilo nalo liandike.

Njoo sasa kwenye jambo ambalo wengi hawalijui, na kwa mkunga Mkatoliki ni kubwa kuliko yote. Mtoto akizaliwa hoi, na padre yuko parokiani kilomita nyingi, mkunga humbatiza yeye. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 861, inasema katika shida mtu yeyote mwenye nia inayotakiwa anaweza kubatiza, na inawataka wachungaji wawafundishe waamini namna ya kufanya hivyo. Hakuna mafuta wala mshumaa. Maji ya kawaida, yamiminwe kichwani, na maneno: "Ninakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Nimefanya hivyo mara kadhaa, na nakuambia sauti hutoka ndogo sana, na maji unayajaribu kwanza kwa kiwiko kana kwamba kichanga yule ana muda wa kupata mafua. Halafu kanuni ya 878 inamtaka aliyebatiza ampe taarifa paroko ili jina liandikwe. Kwa hiyo nenda parokia inayohudumia hospitali ile, mwombe paroko akuangalizie rejista ya ubatizo ya miaka ya mama, sehemu ya jina la mbatizaji. Kama mama alitoa taarifa, jina lake limo humo. Mwombe akuhesabie ni mara ngapi. Namba hiyo iandike. Majina ya watoto yaache palepale kitabuni, ni ya wazazi wao.

Rejista ya aina hiyohiyo, ya parokia aliyobatizwa mama mwenyewe, itakusaidia kwa jambo jingine. Pembeni mwa jina lake wanapaswa kuwa wameandika kipaimara na ndoa, na tarehe zake. Wasifu mwingi wa mazishi hukosea mwaka wa ndoa kwa sababu unaandikwa usiku wa manane na shemeji mwenye kumbukumbu ya kubahatisha. Cheti cha uuguzi na leseni vitakupa daraja lake sahihi. Angalia vizuri, maana vijijini kila aliyevaa nyeupe aliitwa daktari, na si haki kumpa mama cheo ambacho hakukidai wakati alichokuwa nacho kilitosha.

Ukichukua karatasi hizo, usichanganyikiwe na majina ya mahali. Karatasi za 1981 zitasema Mkoa wa Iringa hata kama kijiji leo kiko Njombe, kwa kuwa Njombe imekuwa mkoa 2012. Songwe nayo imetoka Mbeya 2016. Kanisani vilevile: Mbeya imekuwa Jimbo Kuu 2018, na mwishoni mwa 2023 Jimbo la Mafinga lilizaliwa kutoka Iringa. Andika jina la wakati ule, na kwenye mabano jina la leo. Mara moja tu, usirudie kila ukurasa.

Historia ya misheni yenyewe ipe aya moja, isizidi. Watu wanapenda kuanzia kwa Wabenedikti wa Kijerumani, kisha wamisionari wa Konsolata waliofika Iringa 1919 kushika misheni zilizoachwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kisha misheni ya Tosamaganga, kisha hospitali ya Ikonda ya miaka ya 1960, na mpaka wafike kwa marehemu karatasi zimekwisha. Kinachomhusu mama ni hali aliyoikuta 1981. Nchi ilikuwa imetoka vitani Kagera. Sabuni ilikuwa ya foleni, sukari ya foleni, mafuta ya taa ya foleni. Sindano zilikuwa za kioo, tulizichemsha kwenye sufuria na kuzitumia tena, na usiku mwingine uzazi ulifanyika kwa mwanga wa chemli. Sasa rudi kwenye ile chupa ya pili: chai ya miaka ile, yenye sukari, ilikuwa ni mgawo wa nyumbani kwenu. Wewe na ndugu zako mlikunywa uji bila sukari ili watu wasiowajua wanywe chai. Muulize dada yako mkubwa kama anakumbuka.

Nimeanza na chai, lakini najua kwamba miaka mizito ya mama yako ilikuja baadaye, na nimeona katika barua yako hukuitaja. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walijulikana Kagera 1983. Kufikia 1986 kila mkoa wa Bara ulikuwa na wagonjwa. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure 2004. Toa hesabu: zaidi ya miaka kumi na tano nesi hakuwa na dawa ya kutoa. Na huko kwenu ndiko kulikoumia zaidi. Utafiti wa 2011 na 2012 ulikuta Njombe watu wazima 14.8 kati ya kila 100 wana virusi, wakati wastani wa nchi ulikuwa 5.1. Wakati daktari hana cha kuandika kwenye cheti cha dawa, kinachobaki ni uuguzi mtupu: kuosha, kugeuza, kulisha kwa kijiko, kubadilisha shuka mara nne kwa usiku, kukaa. Wauguzi wa milimani waliwauguza majirani zao, wanafunzi wenzao, mashemeji zao, kisha wakaenda mazishini Jumamosi na kurudi zamu Jumapili. Kama unataka kujua uchaji wa mama yako ulikuwa wa namna gani, uutafute kwenye miaka hiyo. Aliogopa? Nadhani aliogopa, sote tuliogopa. Glavu zilipopungua alifanyaje?

Liandike neno UKIMWI wazi. Kijitabu cha nesi wa Nyanda za Juu Kusini kisicholitaja kitakuwa kimeruka nusu ya maisha yake. Ila usiandike la mtu yeyote anayeweza kutambulika, hata aliyefariki. Sheria ya UKIMWI ya 2008 inalinda siri hiyo, na kabla ya sheria kulikuwa na kiapo chetu.

Hapo nina kosa langu la kukusimulia, nalo si dogo.

Miaka kadhaa iliyopita niliandika maisha ya nesi mwenzangu. Nilisimulia usiku ambao msichana alijifungua, akaondoka alfajiri akamwacha mtoto, na marehemu akamlisha kichanga yule kwa kijiko wiki tatu mpaka akampatia familia ya kumlea. Jina sikulitaja. Lakini nilitaja mwaka, mwezi, na kijiji cha familia ile, nikidhani natia uhai kwenye habari. Siku ya kumbukumbu vijitabu viligawiwa mlangoni mwa kanisa. Kijana mmoja alikaa benchi la tatu, akafungua, akasoma. Nilimwona akihesabu kwa vidole. Hakuwa akijua. Aliinuka kabla ya mahubiri na hakurudi. Jioni wazazi waliomlea walinifuata nyumbani. Hawakupiga kelele. Yule mama aliniuliza tu, "Mwalimu, ulikuwa unaandika habari za nesi au za mwanangu?"

Kwa hiyo kila hadithi ya mgonjwa ipitishe hapa: ondoa mwaka, kijiji, namba ya wodi na ugonjwa. Kama imebaki imesimama, iandike. Kama imeanguka, ujue ilikuwa imesimama kwa siri ya mtu. Mgonjwa mwenyewe akiwa hai na akikuruhusu, hapo sawa, lakini mwombe uso kwa uso, si kwa ujumbe wa simu, na umsomee ulichoandika.

Lipo na la uzazi wa mpango. Hukuniuliza, lakini mtu atakuuliza wewe. Tangu waraka wa Papa Paulo VI wa 1968 msimamo wa Kanisa unajulikana, na wakunga wa hospitali za misheni walifundisha njia ya asili, kusoma siku na dalili za mwili. Kliniki za serikali zilitoa vidonge na sindano. Nesi mcha Mungu alikaa katikati, mbele ya mwanamke wa uzao wa tisa mwenye damu pungufu. Wapo waliotii bila kuyumba, wapo walioelekeza mlango wa kliniki ya serikali kwa macho tu, wapo waliokwenda kuungama. Kama unajua mama alifanya nini, na baba yako na ndugu zako wanakubali, andika kwa sentensi mbili. Kama hujui, pita. Usimtungie msimamo ili apendeze upande wowote.

Hilo la mtakatifu nitakujibu kwa kifupi. Mtaani sema utakavyo. Kwenye kijitabu kitakachogawiwa kanisani, usiandike. Mchakato wa Kanisa kwa kawaida hauanzi kabla ya miaka mitano kupita tangu kifo, na una ngazi zake. Mwalimu Nyerere, ambaye mchakato wake ulianza 2005, bado anaitwa Mtumishi wa Mungu. Kwa wauguzi tunaye Sista Irene Stefani wa Konsolata, aliyewauguza wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza huko Kilwa na Lindi, kisha akafia Kenya 1930 kwa tauni aliyoambukizwa na mgonjwa aliyekuwa akimhudumia. Alitangazwa mwenyeheri Nyeri Mei 2015, karibu miaka 85 baada ya kufa. Na angalia watu waliokaa naye walimwitaje: Nyaatha, mama wa huruma. Jina hilo walimpa waliooshwa vidonda, Roma ikaja baadaye sana. Huko kwenu je, kuna watoto waliopewa jina la mama yako kwa sababu aliwazalisha? Wapo, nakuhakikishia. Wahesabu. Hao waweke kwenye kijitabu badala ya neno "mtakatifu", kwa ruhusa yao.

Ndani ya misa sasa. Mwongozo wa Misale ya Kirumi, namba 382, unasema katika misa ya mazishi kuwe na homilia (mahubiri) fupi, na sifa za marehemu zisiwe sehemu yake. Misa yenu ni ya kumbukumbu, si ya mazishi, lakini paroko wengi hufuata moyo uleule, na wana haki: watu wamekuja kumwombea, si kumpigia makofi. Njia inayokubalika sehemu nyingi ni kusoma kabla misa haijaanza, au baada ya sala ya baada ya komunyo, kwa idhini ya paroko. Nenda kwake mwezi mzima kabla, ukiwa na karatasi mkononi, umwonyeshe urefu. Dakika tano za kusoma kwa sauti ni kama maneno mia tano, na kwa mtu anayelia ni mia nne. Soma chupa ya chai na rejista ya ubatizo, vingine wataviona nyumbani wakati wa chakula, WAWATA (umoja wa wanawake Wakatoliki) na jumuiya wakiwepo, ambapo kila mtu yuko huru kusimama na kusema "hapo umekosea, ilikuwa hivi". Weka kurasa mbili tupu mwishoni mwa kijitabu kwa ajili ya hao.

Kurasa ziwe nane, kumi na mbili au kumi na sita, maana karatasi ikikunjwa inatoa nne nne na mwenye steshenari atakutoza hata zilizobaki wazi. Picha zisizidi tano. Ile ya mama akiwa na kofia na saa ya kifuani, kama ipo, iwe jaladani. Picha yoyote yenye mgonjwa kitandani, hata kwa mbali, usiitumie.

Kazi ya kwanza lakini ni ya yule mlinzi. Ni mzee, na wewe umekwenda kwake mara moja tu, ukiwa na swali baya. Mvua zikikatika na barabara ikipitika, panda gari urudi. Mpelekee sukari kilo mbili na majani ya chai. Kaa naye getini au popote anapoota jua siku hizi, umuulize chupa ile ilikuwa rangi gani, nani aliirudisha asubuhi, na kama yeye mwenyewe, na baridi ile yote, alipata kunywa.